Kimya cha Karoo kinagharimu kiasi gani

Tuseme simu ya mkononi ya kawaida, inayotoa wati 1 inapotafuta mnara, imewekwa Mwezini, kilomita 384,400 kutoka hapa tulipo. Mawimbi yake yanatanuka pande zote, na yakifika duniani kila mita ya mraba ya ardhi inaambulia wati moja iliyogawanywa kwa karibu bilioni mbili, kisha ikagawanywa tena kwa bilioni. Wanaastronomia wa redio hupima nguvu hafifu za namna hiyo kwa kipimo kiitwacho janski. Jina hilo limetoka kwa Karl Jansky, mhandisi wa Marekani ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa akitafuta kinachokwaruza katika simu za kuvuka bahari, akagundua kwamba sehemu ya mkwaruzo ule ilitoka upande wa kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu. Ukipiga hesabu, simu yetu ya Mwezini ingesomeka kama janski 270 hivi. Ni vitu vichache mno vya angani vinavyoipita.

Darubini ya MeerKAT, iliyoko katika nyika kame ya Karoo nchini Afrika Kusini, imejengwa ili ione vitu vyenye nguvu ya sehemu moja ya milioni ya janski. Kwa hiyo simu iliyoko Mwezini ingekuwa na nguvu zaidi ya mara milioni 200 kuliko kile kinachotafutwa. Na simu za kweli haziko Mwezini. Zimo mfukoni mwa mchunga kondoo, kwenye gari la mwalimu, mezani kwa mwenye duka pale Carnarvon, mji mdogo ulio kilomita 90 hivi kutoka kwenye darubini. Nimezipitia hesabu za mradi huu kwa muda, na kila nikirudi kwenye tarakimu hizi mbili naona jambo lile lile: kitu cha thamani kuliko vyote pale Karoo ni kimya, na kimya hicho wanakishika majirani.

Tuanze na bei iliyotangazwa. MeerKAT ilizinduliwa rasmi tarehe 13 Julai 2018, ikiwa na madishi 64, kila moja na kipenyo cha mita 13.5. Gharama iliyotajwa siku hiyo ilikuwa randi bilioni 4.4. Kwa kiwango cha fedha cha mwezi ule, hiyo ni takriban dola milioni 330 za Marekani. Ukiigawa kwa madishi 64 unapata karibu randi milioni 69 kwa kila moja, lakini hesabu hiyo inadanganya, maana ndani ya randi bilioni 4.4 mna barabara, njia ya umeme, majengo, nyaya za faiba na kompyuta. Ukiigawa kwa watu, Afrika Kusini ya mwaka 2018 ilikuwa na wakazi wapatao milioni 57.7, hivyo kila mmoja alichangia randi 76, yaani chini ya dola 6, tena kwa kipindi cha miaka mingi ya ujenzi. Zaidi ya asilimia 75 ya matumizi hayo yalibaki ndani ya nchi.

Msomaji wa Afrika Mashariki labda ataielewa vizuri zaidi kwa kipimo cha reli. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, yenye urefu wa kilomita 470 na ushei, iligharimu takriban dola bilioni 3.6. Fedha za MeerKAT zingejenga kipande cha kilomita 43 hivi. Ukitoka Mombasa ungeipita Mariakani, lakini Voi usingeiona. Silinganishi ili kuidharau reli, ambayo watu wanaipanda kila siku. Nalinganisha kwa sababu kila serikali ya Kiafrika inapotaja darubini huulizwa kama ina fedha za kuchezea, na ni haki muulizaji ajue ukubwa halisi wa fedha zenyewe.

Swali linalofuata ni kwa nini madishi 64 badala ya dishi moja kubwa. Jibu linapatikana kwenye mizani. Pale Effelsberg, Ujerumani, Taasisi ya Max Planck ya Astronomia ya Redio ina dishi moja la kipenyo cha mita 100, lililozinduliwa mwaka 1971. Lina eneo la mita za mraba 7,854 na uzito wa tani 3,200, na uzito wote huo hauna budi kuzungushwa na kuinamishwa bila uso wake kupoteza umbo. Ni kazi ya uhandisi inayostahili kuvuliwa kofia. Madishi ya MeerKAT yana tani 42 kila moja. Yote 64 yakiwekwa pamoja yana tani 2,688, pungufu ya lile la Effelsberg, ilhali jumla ya eneo lake inafika mita za mraba 9,160. Chuma kimepungua, eneo limeongezeka.

Faida kubwa zaidi iko kwenye umbali. Madishi 48 yamekusanyika katika eneo la kipenyo cha kilomita moja, na mengine yametawanywa hadi umbali wa kilomita 8. Kila dishi huunganishwa na kila lingine, na ukihesabu jozi zote zinazowezekana kati ya madishi 64 unapata 2,016. Kila jozi inapima sehemu yake ya picha. Matokeo ni kwamba darubini inapambanua vitu vidogo kana kwamba ingekuwa dishi moja la upana wa kilomita 8, chombo ambacho hakuna mhandisi atakayethubutu kukijenga.

Hapo ndipo mzigo unapohama kutoka kwenye chuma kwenda kwenye kompyuta. Katika masafa yanayotumika sana, kila dishi husoma mawimbi mara bilioni 1.712 kwa sekunde, katika pande mbili za mwelekeo wa wimbi, kwa biti 10 kila mara. Hiyo ni gigabiti 34 kwa sekunde kutoka kwenye dishi moja. Zidisha kwa 64: zaidi ya terabiti 2 kila sekunde. Kama kila kitu kingehifadhiwa kilivyo, usiku mmoja wa saa 8 ungejaza diski 7,900 za terabaiti moja moja. Hakuna taasisi inayoweza kumudu hilo, kwa hiyo mashine zilizopo pale pale nyikani huzidisha na kujumlisha mawimbi ya jozi zile 2,016 papo hapo, na kinachosafirishwa kwenda Cape Town ni matokeo tu, yaliyokwisha kupunguzwa mara nyingi.

Lakini kompyuta nazo zinapiga kelele. Kila saketi inayofanya kazi inatoa mawimbi ya redio, na ukumbi wenye mamia ya mashine ni adui wa karibu kuliko mji wowote. Jengo la kuzihifadhi pale Karoo limezikwa ardhini na kukingwa kwa kuta za chuma, na kati yake na madishi umo mlima. Vipokezi vyenyewe hupoozwa hadi nyuzi 250 hivi chini ya sifuri ili visijisikilize vyenyewe. Mgeni anayeruhusiwa kukaribia huzima simu kwanza. Hizi ni gharama za kimya zinazoonekana kwenye michoro ya wahandisi. Nyingine haziko kwenye mchoro wowote.

Mwaka 2007 Bunge la Afrika Kusini lilipitisha sheria inayompa waziri mamlaka ya kutenga maeneo kwa ajili ya astronomia. Chini ya sheria hiyo, karibu jimbo lote la Rasi ya Kaskazini, isipokuwa manispaa ya Sol Plaatje uliko mji wa Kimberley, lilitangazwa kuwa eneo la kulindwa. Jimbo hilo lina kilomita za mraba 372,889, zaidi ya nusu ya Kenya, na wakazi wake ni milioni moja na ushei tu. Uchache huo wa watu ndio uliowavuta wanasayansi. Karibu zaidi na madishi, mashamba ya kondoo yalinunuliwa, na mwaka 2020 ardhi ile ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Meerkat, yenye zaidi ya hekta 130,000. Hilo ni eneo pungufu kidogo ya kisiwa cha Unguja.

Shamba la kondoo linapofungwa, mwenye shamba analipwa. Mfanyakazi aliyenyoa kondoo wale, aliyeishi pale na familia yake, halipwi kwa hati ya ardhi kwa sababu hana hati. Wakulima na wakazi walilalamika kwa sauti, juu ya ajira, juu ya mawasiliano yaliyobanwa, juu ya biashara za mji zilizotegemea mashamba. Ninaamini malalamiko yale yalikuwa na msingi. Nchi ilipata chombo cha kiwango cha dunia, na sehemu ya gharama iliwaangukia watu ambao hawakukaa mezani bei ilipopangwa.

Ndiyo maana siipendi tabia ya taasisi nyingi za sayansi ya kuiweka elimu kwa umma upande wa matangazo, pamoja na fulana na vipeperushi. Kwenye astronomia ya redio, elimu kwa umma ni matengenezo ya chombo. Mkulima asiyejua kwa nini pampu yake ya umeme inaharibu data ataiwasha. Anayejua na kuheshimiwa atapiga simu ya mezani kuuliza afanyeje. Fedha inayotumika kumfikia inanunua kitu kile kile kinachonunuliwa na kuta za chuma za jengo la kompyuta.

Shirika linaloendesha MeerKAT ni SARAO, chombo cha Mfuko wa Taifa wa Utafiti, kilichoundwa mwaka 2017 kwa kuunganisha mradi wa Karoo na kituo cha zamani cha Hartebeesthoek karibu na Johannesburg. Kituo hicho kina historia yake. Dishi lake la mita 26 lilijengwa mwaka 1961 kwa ajili ya NASA, na mwaka 1965 lilikuwa miongoni mwa yaliyopokea picha za Mirihi kutoka chombo cha Mariner 4. NASA ilipoondoka miaka ya 1970, dishi likabaki mikononi mwa wanaastronomia. Kwa hiyo nchi haikuanzia sifuri, na nadhani hilo husahaulika wanaposimuliwa watu jinsi Afrika Kusini ilivyofika ilipofika.

Pale Carnarvon, mradi uligharimia mwalimu wa hisabati na sayansi katika shule ya sekondari ya mji. Vijana wa eneo lile walifundishwa ufundi wa umeme, faiba na mitambo, na baadhi yao ndio wanaohudumia madishi leo. Kwa ngazi ya juu, mpango wa kufadhili masomo ulianza mwaka 2005, wakati ambapo hakukuwa na dishi hata moja Karoo, na umekwisha kutoa ufadhili zaidi ya 1,000, kuanzia mafundi hadi shahada za uzamivu, ukiwamo wa wanafunzi kutoka nchi nyingine za Afrika. Utaratibu huo nauona kuwa uamuzi bora kuliko yote katika mradi mzima. Madishi yalijengwa kwa miaka michache. Mtaalamu anayejua kusoma data zake huchukua miaka kumi kukomaa, na anayesubiri chuma kisimame ndipo aanze kusomesha watu atakuwa na chuma kisicho na wasomaji.

Mwaka 2014 kulifunguliwa pia maonyesho ya sanaa yaliyopewa jina la anga ya pamoja, yakiwakutanisha wasanii wa Nieu-Bethesda wenye asili ya watu wa /Xam, waliokuwa wenyeji wa Karoo, na wasanii wa jamii za asili za Australia Magharibi, ambako sehemu ya pili ya mradi mkubwa unaofuata inajengwa. Wa-/Xam walisimulia kwamba Njia Nyeupe ilitokea pale msichana aliporusha majivu ya moto angani. Masimulizi hayo yaliandikwa katika miaka ya 1870 kutoka vinywani mwa wenyewe, lugha yao ikiwa inaelekea kutoweka. Ardhi ile ilikuwa na watu waliotazama juu kabla ya faiba kufika, na taasisi ilifanya vema kulisema hilo hadharani.

Turudi kwenye fedha, safari hii kwa saa. Tuchukulie darubini itafanya kazi miaka 20 bila kupumzika, yaani saa 175,200. Gawanya randi bilioni 4.4 kwa saa hizo: ni kama randi 25,000 kwa saa, kwa upande wa mtaji peke yake, bila mishahara wala umeme. Kwa kuwa hakuna chombo kisichosimama kwa ukarabati, bei halisi iko juu zaidi. Hata hivyo kipimo hiki kinasaidia. Januari 2022 ilitolewa picha ya kitovu cha Njia Nyeupe, umbali wa miaka ya nuru 25,000, iliyounganishwa kutoka vipindi 20 vya kutazama vilivyochukua takriban saa 200. Ilifunika sehemu ya anga yenye ukubwa wa Mwezi mpevu mara 30, na ndani yake zikaonekana karibu nyuzi 1,000 za sumaku, baadhi zikiwa na urefu wa miaka ya nuru 150. Kwa kipimo chetu, picha ile ilitumia randi milioni 5 za mtaji. Ilichapwa duniani kote, na watoto wa shule waliiona. Hakuna kampeni ya matangazo ambayo ingefika pale kwa fedha hizo, na kwa wanasayansi wenyewe ilifungua miaka ya kazi.

Mfano wa pili unaonyesha upande mwingine wa hesabu. Mwaka huo huo, watafiti walitangaza kwamba katika usiku wa kwanza wa utafiti uliopangiwa zaidi ya saa 3,000 walinasa miale ya redio kutoka galaksi zinazogongana, iliyosafiri miaka bilioni 5 hadi kutufikia. Waliipa jina la Kizulu, Nkalakatha, mkubwa wa wakubwa. Saa 3,000 kwa randi 25,000 ni randi milioni 75. Usiku mmoja ulitoa habari ya dunia, na saa zilizobaki zinakusanya takwimu za gesi ya haidrojeni ambazo hazitakuwa kwenye gazeti lolote. Mfadhili anayelipia usiku ule mmoja tu hajaelewa anachonunua.

Sasa kuna mradi mkubwa zaidi, SKA, ambao ujenzi wake ulifunguliwa rasmi tarehe 5 Desemba 2022 Karoo na Australia kwa pamoja. Upande wa Karoo utaongezewa madishi 133 ya mita 15, na yale 64 ya MeerKAT yataingizwa humo, jumla 197, yakitandazwa hadi kilomita 150 kutoka moja hadi jingine. Eneo la kukusanya mawimbi litafika mita za mraba zipatazo 32,700, zaidi ya mara tatu na nusu ya sasa. Australia itakuwa na antena ndogo 131,072. Bajeti iliyoidhinishwa mwaka 2021 ilikuwa euro bilioni 1.3 za ujenzi na euro bilioni 0.7 za uendeshaji wa miaka kumi ya mwanzo.

Tarakimu ya pili ndiyo ningependa mawaziri wa fedha waisome mara mbili. Kwa kila euro moja ya kujenga, zaidi ya senti 50 zinahitajika kuendesha, na hiyo ni miaka kumi tu katika chombo kinachokusudiwa kudumu miaka 50. Ni wastani wa euro milioni 70 kila mwaka, pande zote mbili zikijumlishwa. Utepe ukishakatwa, umeme unabaki.

Tena majirani wameongezeka, na hawa wapya hawaishi Karoo. Setilaiti za intaneti zinapita juu kwa maelfu, na mawimbi zinayoyatuma ardhini yanaangukia ndani ya masafa ambayo SKA imejengewa kuyasikiliza. Mwaka 2023 watafiti waliotumia darubini ya LOFAR ya Uholanzi walithibitisha kwamba mitambo ya ndani ya setilaiti za Starlink inavujisha mawimbi hata kwenye masafa ambayo hazikusudii kutangaza. Sheria ya mwaka 2007 inaweza kumzuia mwenye duka wa Carnarvon. Haina nguvu juu ya kitu kinachozunguka kilomita 550 angani, na naona ni dhuluma mchunga kondoo kubanwa kuliko kampuni yenye maelfu ya mitambo juu ya kichwa chake.

Kwa Kenya jambo hili si la mbali. Ni moja ya nchi nane washirika wa Afrika Kusini katika mradi wa SKA, pamoja na Botswana, Ghana, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia. Ghana iliibadilisha antena ya zamani ya mawasiliano ya mita 32 pale Kuntunse, nje ya Accra, ikaizindua kama darubini Agosti 2017, njia ya bei nafuu ambayo kituo cha Longonot katika Bonde la Ufa nacho kiliwahi kutajwa kuifuata. Wakati huo huo, mpango wa mafunzo wa DARA, uliofadhiliwa na Uingereza na Afrika Kusini, umekuwa ukifundisha vijana wa nchi hizo, Kenya ikiwamo, kusoma data za redio. Tumekwisha kuanza na watu, kama Afrika Kusini ilivyofanya mwaka 2005. Kinachokosekana ni kimya. Naivasha na Nairobi ziko jirani na Longonot, minara inaongezeka kila mwaka, na mapatano na majirani wa namna ile yanataka kuanza kabla antena haijapakwa rangi.

Mtoto aliyeingia darasa la 8 pale Carnarvon Januari 2023, mwezi mmoja baada ya ujenzi wa SKA kufunguliwa, atamaliza la 12 mwishoni mwa 2027. Madishi mapya yatahitaji mafundi wa kupooza vipokezi, wa faiba na wa umeme, watakaoishi karibu. Mshahara wa mwalimu wake wa fizikia, kwa miaka yote mitano, hauonekani hata kidogo kando ya euro milioni 70 za mwaka mmoja, na haupaswi kuwa wa kwanza kukatwa bajeti itakapobanwa.